Mwangwi Uliokatika Mwishoni mwa Wimbo
Juzi nilihamisha wimbo kutoka kwenye programu ya kurekodia, nikapata faili ambalo, badala ya mwangwi wa mwimbaji kufifia polepole kama nilivyousikia wakati wa kuchanganya sauti, lilikatika ghafla mara tu neno la mwisho lilipotamkwa. Nilidhani kompyuta imeelemewa, kumbe alama ya mwisho wa eneo la kuhamisha ilikuwa imekaa pale pale kipande cha sauti kilipoishia, ilhali mwangwi huendelea baada yake. Niliisogeza mbele kwa sekunde 5, na mwangwi wote ukarudi.

Faili likitoka kimya kabisa, mimi huanza kwa kutazama kama kuna kitufe cha kusikiliza ala moja peke yake kilichosahauliwa kikiwa kimewashwa, kwani hunyamazisha ala nyingine zote.

Mikwaruzo ndiyo inayohitaji subira zaidi. Programu nyingi hufanya hesabu zake za ndani kwa biti 32 zinazovumilia sauti iliyovuka desibeli sifuri, yaani kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali, lakini faili la biti 16 halina nafasi hiyo, kwa hiyo vilele vya mawimbi hukatwa na sikio husikia mkwaruzo. Kwa maoni yangu ni busara kuacha angalau desibeli 1 chini ya sifuri, hasa kwa MP3, kwa kuwa ubanaji wenyewe huweza kuinua vilele.

Wimbo ukikimbia na sauti kupanda, linganisha viwango vya sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa kila sekunde: sauti ya 44,100 ikichezwa kama 48,000 huenda kasi kwa takriban asilimia 9.