Rota, chungu na kura: kudai haki kabla uamuzi haujapita

Mbukwenyi, wana-Dodoma. Salamu hizi ni kwa tulioko huku Uingereza kwenye nyumba za wazee, maghala na usafi wa hospitali, na kwa mlioko nyumbani, kuanzia Nkuhungu mpaka Mpwapwa, ambao tuna vikundi pamoja. Neno lenyewe ni moja: haki hudaiwa kabla uamuzi haujapita, na hudaiwa kwa hesabu. Malalamiko ya koridoni baada ya kikao hayajawahi kubadilisha rota ya mtu.

Kwenye mkutano wa kijiji, Bahi au Chamwino, mwenyekiti mzuri huwageukia wazee, kisha akina mama, akauliza tena na tena, "Kuna mwingine?" Aliyekaa nyuma ataitwa. Kikao cha kazi huku hakina mambo hayo. Meneja anasoma ajenda, anauliza kama kuna swali, sekunde tano zinapita, inaandikwa kwamba wote wamekubali. Anayesubiri kukaribishwa, kwa adabu aliyolelewa nayo, anahesabiwa ameridhia. Adabu yetu haina kosa, ila kikao kile hakiijui.

Chukua rota ya zamu, maana ndiyo yenye manung'uniko mengi. Anza na kalamu. Kila rota inapobandikwa, inakili au ipige picha kama kazini kwako simu zinaruhusiwa (jina au sura ya mgonjwa isiingie kabisa). Hubadilishwa katikati ya wiki, na ile ya awali huioni tena. Kusanya wiki 8. Chora jedwali, majina yakishuka, wiki zikienda kulia. Weka U kwa usiku wa Jumamosi, S kwa sikukuu, G kwa zamu iliyogeuzwa zikiwa zimebaki chini ya saa 24.

Tuseme kila Jumamosi usiku wanahitajika watu 3. Wiki 8 ni zamu 24. Kama mnaoweza kupangwa mko 8, fungu la kila mmoja ni 3. Ukiwa na 6 na mwenzako ana 0, hapo pana neno. Ukiwa na 4 na mwingine 2, ongeza wiki nyingine 4 kwanza, kwa sababu homa ya mtu mmoja inatosha kuleta tofauti hiyo. Na kabla ya kugawanya, watoe walioomba usiku wenyewe na wenye makubaliano ya maandishi, kama mzazi mwenye mtoto mchanga. Hapa ndipo hoja nyingi huanguka: meneja anawataja watu wa makundi hayo mawili, jedwali zima linaonekana la uongo.

Sentensi ya kusema kikaoni ina vipande vitatu. "Kwa wiki 8 zilizopita nimepangiwa usiku 6 wa Jumamosi. Fungu la kila mtu lingekuwa 3. Naomba wiki 8 zijazo zipangwe kwa mzunguko, na mzunguko huo ubandikwe." Namba, mlinganisho, ombi. Wengi husahau la tatu, wanajibiwa "nitaliangalia", na mambo yanaishia hapo. Jedwali likionyesha kwamba waliobebeshwa zamu wote ni wageni, au wote ni wanawake, liseme hilo wazi. Sheria ya Usawa ya 2010 inalinda sifa 9, zikiwemo rangi na asili, dini, jinsia, umri na ulemavu. Lakini namba zitangulie. Ukianza na "mnanibagua", kikao kinageuka kujadili tabia yako na nia ya meneja, vitu visivyopimika. Ukianza na rota, wanajadili karatasi waliyoiandika wao.

Omba jambo lako liingie kwenye ajenda siku 3 kabla, kwa barua pepe. Zungumza mapema na wenzako wawili mkubaliane nani ataanza na nani ataunga mkono kwa namba zake. Na msaada mkubwa kuliko wote ni mdogo sana: dada akikatizwa, mwingine aseme, "Tumrudie, alikuwa hajamaliza." Mwenyewe akijirudia anaonekana msumbufu. Akirudiwa na mwenzake, kikao humsikiliza. Jioni hiyo hiyo tuma mistari michache: tumekubaliana hili na hili, kuanzia tarehe fulani, kama nimekosea nisahihishwe kufikia Ijumaa. Barua hiyo ndiyo itakayokukumbukia miezi miwili baadaye.

Njia ya maelewano ikikwama, andika malalamiko rasmi. Kwenye kikao chake una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anaweza kuzungumza kwa niaba yako na kujumuisha hoja, ila hawezi kujibu maswali uliyoulizwa wewe. Kama siku hiyo hana nafasi, unaweza kupendekeza siku nyingine ndani ya siku 5 za kazi. Mtego uko kwenye tarehe. Ukomo uliozoeleka wa kwenda baraza la ajira, yaani mahakama ya migogoro ya kazi, ni miezi 3 kasoro siku 1 tangu tukio, na malalamiko ya ndani hayasimamishi saa hiyo. Kinachoisimamisha ni kuwaarifu Acas, taasisi ya umma ya usuluhishi, ambao ushauri wao ni bure. Sheria ya ajira ya 2025 imepanga kuurefusha ukomo huo, lakini wewe hesabu kwa ule mfupi mpaka Acas wenyewe wakuthibitishie.

Kwa mlioko nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inalipwa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu F.1: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Mpe mwajiri nakala na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea.

Sasa vikundi vyetu, na hapa tuambiane ukweli. Kazini tunadai kusikilizwa. Kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia kisima kijijini, wanyamazishaji ni sisi. Aliyetuma pauni nyingi ndiye anayechagua mahali pa kuchimba, na mama anayebeba ndoo hayumo kundini kwa sababu ana kitochi, au bando limeisha. Mtu akihoji, anajibiwa "wengi wape". Sawa, wengi wape, lakini mnyonge naye haki yake mpeni, na wengi wenyewe wahesabiwe kwanza ni akina nani.

Mchango na kura ni vitu viwili. Kura iwe moja kwa kila mtu, aliyetoa 200 na aliyetoa 10. Kura ya WhatsApp si ya siri: yeyote kundini anaweza kufungua akaona nani kachagua nini, kwa hiyo mdogo hatapinga chaguo la mjomba aliyemsomesha. Itumieni kupanga siku ya kikao, na hata hapo zimeni ruhusa ya kuchagua majibu mengi. Isifungwe ndani ya saa chache. Dodoma iko mbele ya Uingereza kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, na nusu yetu tuko zamu za usiku. Saa 48 ndiyo kiasi.

Mahali pa kisima paamuliwe na mkutano wa kijiji, ambao kisheria huitishwa angalau kila miezi 3 na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana nafasi humo. Maeneo yatakayopigiwa kura yawe yale tu ambayo mpimaji wa maji ameyakubali, kwani maji ya chumvi Dodoma si jambo la kubahatisha. Yakibaki mawili, kura ya punje inatosha. Kila mtu apewe karanga moja na hindi moja: karanga ni eneo la kwanza, hindi la pili. Wekeni vyungu viwili nyuma ya pazia, cha kura na cha mabaki, vyote vimetandikwa kitambaa ndani, maana hindi hugonga na mlio wake unajulikana. Bila chungu cha mabaki mtu anatoka na punje mkononi, na jirani anaiona. Wakiwa watu 60, kila chungu kiwe na punje 60, na karanga za vyungu vyote viwili zikijumlishwa ziwe 60. Zisipotimia, rudieni.

Fedha nazo zifuate sanduku la kikoba, ambalo mama zetu wanalijua vizuri: makufuli 3, funguo kwa watu 3, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Watu wawili wanahesabu mbele ya wote, salio linatamkwa kwa sauti, na kikao kijacho kinaanza kwa mwanachama yeyote kuulizwa tulifunga na shilingi ngapi. Kundini fanyeni vivyo hivyo kila tarehe 1, wawili wakithibitisha salio, mmoja wa huku na mmoja wa nyumbani.

Matokeo ya kura yasomwe kundini jioni hiyo hiyo, idadi kwa idadi, na pingamizi lipewe siku 14. Malipo ya kwanza ya mchimbaji yasitoke kabla siku hizo hazijaisha.