Uzio wangu wa mtandamboo, Kisongo

Nilipopata kiwanja Kisongo, nje kidogo ya Arusha mjini, kila aliyekiona alinishauri nizungushie michongoma. Mimi nilitaka mtandamboo. Nimekula matunda yake tangu utotoni, tukirudi nyumbani midomo ya zambarau na mikono imechanika kwa miiba. Na ni mti wa hapa hapa. Wamasai wanauita olamuriaki, na mizizi yake huingia kwenye supu ya nyama.

Mwaka wa kwanza niliupoteza bure. Nilitoa mbegu, nikazianika juani siku nne kama mahindi, nikaziweka kwenye kopo hadi masika. Nikazipanda kwenye viriba 120, vile vifuko vya kuoteshea miche, nikavimwagilia mwezi na nusu, yakaota magugu. Yeyo mmoja jirani, yaani mama wa Kimasai, muuza maziwa, akachungulia akacheka.

"Ulizianika? Basi uliziua, mwanangu. Ndege anazianika wapi?"

Sikuwa na jibu.

Msimu uliofuata nilisubiri tunda liive kweli. Lile jekundu bado: ukilibana linatoa utomvu mweupe unaonata vidoleni, na ni chachu. Nilichuma yale meusi tu, yanayoachia tawi ukiyagusa. Nikayaponda kwenye ndoo, nikaziosha mbegu kwenye chujio hadi utelezi ukaisha, na jioni ile ile zikaingia kwenye viriba vyenye udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga kidogo, chini ya kichanja cha majani ya migomba. Wiki ya tatu zikaanza kuchomoza. Nilihesabu miche 87, nikamwita yeyo aje ashuhudie.

Masika yalipoanza nilihamishia miche kwenye mashimo, sentimita 60 kutoka mche hadi mche. Kuchimba kwenyewe ni kazi ya sululu, sina la kuongeza. Tatizo lilikuwa mbuzi. Watu hudhani mti wa miiba unajilinda, kumbe mche mchanga miiba yake ni laini na majani ni matamu. Asubuhi moja nilikuta mistari miwili imebaki vijiti. Ilibidi nikate matawi ya mgunga nizungushie pande zote, na nikayaacha pale mwaka mzima.

Sasa ni mwaka wa nne. Uzio unanifika kifuani, na kuku hapiti. Kiangazi, Kisongo yote ikigeuka vumbi na nyasi za kahawia, wenyewe unabaki kijani. Maua yake meupe, yenye wekundu kidogo kwa nje, yananukia hadi barazani jioni. Matunda ya kwanza tuligawana na ndege, wao wakachukua fungu kubwa.

Juzi yeyo kaja kuomba mizizi ya supu. Nimempa miche kumi akapande kwake.