Magugu na Admirali

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Mathayo 13:24-30 imenilemea. Tunaijua tangu shule ya Jumapili: mbegu njema, adui aliyekuja usiku, watumwa wanaotaka kwenda kung'oa magugu. Uzito wake safari hii ni kwamba fungu hili liliwahi kusomwa kwa ajili ya wauaji, na aliyelisoma alikuwa amevaa kola ya kasisi.

Ilikuwa Argentina, chini ya Admirali Emilio Massera. Alizaliwa 1925 mjini Paraná, akaingia chuo cha maafisa wa majini 1942. Mwaka 1973 Rais Juan Perón alimpa ukamanda wa jeshi la wanamaji, akiwaruka maafisa waliomzidi kwa muda kazini, nao ikabidi wastaafu. Tarehe 24 Machi 1976, Massera pamoja na Jorge Videla wa jeshi la nchi kavu na Orlando Agosti wa jeshi la anga walimpindua Rais Isabel Perón, mjane wa yule yule aliyempandisha cheo. Utawala wakaugawana mafungu matatu, kila jeshi na fungu lake.

Fungu la Massera lilikuwa na kituo chake: Shule ya Ufundi ya Wanamaji, ESMA, ndani ya jiji la Buenos Aires. Humo, katika jengo la malazi ya maafisa, kikosi kazi 3.3.2 kiliwatesa watu kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, kikawafungia darini wamefunikwa vichwa, wamefungwa pingu miguuni. Katikati ya dari na ghorofa ile walilala maafisa. Mfungwa alishushwa na kupandishwa kwa ngazi zile zile walizopita wao kwenda kulala.

Afisa mmoja, Adolfo Scilingo, alikiri hadharani mwaka 1995 jinsi watu walivyotupwa baharini. Kwa kawaida ilikuwa Jumatano. Waliochaguliwa waliambiwa wanahamishiwa kusini, kwa hiyo lazima wachanjwe. "Chanjo" ilikuwa dawa ya usingizi, pentothali. Wakalegea, wakapakiwa kwenye lori hadi uwanja wa ndege. Angani daktari aliwadunga mara ya pili, kisha akaingia chumba cha rubani asione kitakachofuata, kwa sababu ya kiapo chake cha udaktari. Wakavuliwa nguo, mlango ukafunguliwa. Scilingo alikiri safari mbili, watu 30.

Baada ya safari ya kwanza dhamiri ilimsumbua, akamwendea kasisi wa jeshi. Kasisi akamtuliza: ni kifo cha Kikristo, hawakuteseka, na hata Biblia inasema magugu yatengwe na ngano.

Wapendwa, rudini kwenye fungu. Watumwa wanauliza, "Wataka twende tukayakusanye?" Mwenye shamba anajibu neno moja: La. Msije mkang'oa na ngano pamoja nayo. Na mstari wa 39 unafunga mlango kabisa: wale wavunao ni malaika. Si admirali, si kikosi kazi, si kasisi. Kasisi yule alilichukua katazo la Yesu akaligeuza kuwa ruhusa, na aliyekuja amechomwa moyo akarudi kazini. Ule uchungu wa Scilingo ulikuwa Roho wa Mungu akibisha, na mtumishi wa madhabahu akaenda kuuziba mlango!

Nasema na wewe uliyewekwa karibu na wenye bunduki na mihuri. Unayeitwa kufungua kikao kwa sala. Akija kwako mkubwa hajalala siku tatu, usikimbilie mstari wa kumtuliza. Muulize kwanza: umefanya nini? Kwa nani? Mtu huyo yuko wapi sasa hivi? Mama yake ameambiwa? Mpaka amejibu, Biblia yako ikae imefungwa. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza, "Sisi nasi tufanye nini?" Hakuwabembeleza: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Kasisi wa jeshi aliye na Luka 3:14 hawezi kusema hakupewa la kusema. Mshahara wako usikufunge mdomo. Ukiona mstari unamrahisishia mkubwa kazi ya kuumiza watu, ujue umeusoma kinyume. Usome tena ukiwa umepiga magoti.

Massera mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1985. Mahakamani alisema anajiona mwenye kuwajibika, lakini hajioni mwenye hatia. Rais Menem alimsamehe 1990. Akakamatwa tena 1998 kwa wizi wa watoto wachanga waliozaliwa na wafungwa, maana kosa hilo msamaha haukuligusa. Alifariki 2010.

Na bahari? Desemba 1977 askari wake waliwateka watu 12, wengi wao kwenye kanisa la Santa Cruz, wakiwamo watawa wawili Wafaransa na akina mama waliokuwa wakitafuta watoto wao. Siku chache baadaye mawimbi yalileta miili kwenye fukwe za Santa Teresita. Ikazikwa bila majina huko General Lavalle. Baadaye wataalamu waliifukua, wakakuta mifupa iliyovunjika kama ya mtu aliyeanguka kutoka juu sana, na mwaka 2005 wakarudisha majina: Léonie Duquet, mtawa. Esther Ballestrino. María Ponce. Azucena Villaflor, aliyewaongoza akina mama kwenda Plaza de Mayo, uwanja ulio mbele ya ikulu, naye majivu yake yakazikwa pale pale uwanjani.

"Bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake." Ufunuo 20:13. Tusome mlango wote Jumatano jioni, kwa sauti, pamoja na majina hayo.