Siku moja maishani mwangu: rula ya hadubini na utumbo wa mtoto

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yetu maabara ni kupima vipande vya utumbo wa watoto, kuona kama wana siliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano) huharibu utando wa utumbo. Mashine ya kuandaa tishu imefanya kazi usiku kucha: imeondoa maji kwa alkoholi, ikapitisha zailini, ikajaza nta ya parafini. Kabla ya kufungua kaseti, visanduku vyenye vipande, tunasoma fomu. Je, mtoto alikuwa bado anakula gluteni? Kama aliachishwa ngano miezi kadhaa kabla, utando huenda umeshaanza kupona, na kipimo kitamdanganya daktari. Vipande ni vingapi? Tunataka angalau vinne kutoka sehemu ya pili ya duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) na kimoja cha balbu, sehemu yake ya kwanza, kila sehemu kwenye chupa yake. Ugonjwa wa siliaki huweza kushika utumbo kwa madoa, tena tezi za Brunner zilizojaa kwenye balbu hufupisha vijidole (vidole vidogo vya utando vinavyofyonza chakula) hata vya mtoto mzima wa afya. Vikichanganywa, basi tena.

Saa 2:15. Kuvizika vipande kwenye nta. Kila kimoja ni milimita chache tu, na lazima kisimame kwa ukingo, si kulala. Nta hupoa upesi, kwa hiyo tunakitazama kwa lenzi kwanza, ndipo tunakishika kwa koleo la moto. Siku nzima inategemea sekunde hizi.

Saa 3:30. Bloku zikishapoa barafuni, mikrotomu inakata unene wa mikroni 3 hadi 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kisu butu huacha mistari. Bafu la maji likizidi joto, tishu hutanuka na kupasuka.

Saa 5. Rangi ya hematoksilini na eosini. Slaidi za CD3, rangi maalum inayoonyesha limfosaiti (chembe nyeupe za kinga), tunaziacha kwa kesi zenye utata.

Saa 7 mchana. Chupa mpya kutoka chumba cha endoskopi. Katika moja, vipande vinaelea vimejikunja kama majani makavu. Vilitakiwa vilazwe kwenye karatasi ya chujio, vijidole vikitazama juu, vishike kidogo, ndipo viingie kwenye fomalini ya asilimia 10. Kipande kikishaganda kimejikunja, hakinyooki tena.

Saa 8. Sasa hadubini. Rula ya ndani ya lenzi ya jicho haina maana mpaka ilinganishwe na slaidi ya vipimo: milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kigawe mikroni 10. Ukibadilisha lenzi ya kukuza, unalinganisha upya. Wengi husahau hapa.

Tunatafuta kijidole kinachoonekana chote, kutoka ncha hadi shingoni, na jirani yake kishimo (tundu lililo kati ya vitako vya vijidole) kilichokatwa kwa urefu, kutoka mdomo hadi kitako. Kijidole mikroni 90, kishimo 300: uwiano ni 0.3, utando umelala. Kwa kawaida uwiano hukaribia 3, na chini ya 2 tunaanza kushuku. Jozi tatu ndio uchache wetu. Wastani wa jozi moja si wastani. Tunauamini uwiano kuliko mikroni tupu kwa sababu fomalini na alkoholi huifanya tishu inywee, na kijidole na kishimo hunywea pamoja.

Bloku moja inatoa 1.1. Lakini vishimo vyake ni viduara, kama pete zilizomwagwa mezani: kisu kimepita mshazari, na vijidole vinaonekana vifupi bila kuwa vifupi. Namba hiyo haiandikwi. Bloku inarudi kuyeyushwa.

Saa 9:15. Limfosaiti zilizojipenyeza kwenye utando: viini vidogo, vyeusi, vya mviringo, katikati ya viini virefu vya seli za utando. Zikipita 25 kwa kila seli 100, zimezidi. Juu ya vifundo vya limfu hatuhesabu, maana pale huwa nyingi hata kwa asiye mgonjwa. Limfosaiti peke yake ni Marsh 1, katika madaraja ya uharibifu wa utando. Vishimo vikirefuka, 2. Vijidole vikipungua, 3a hadi 3c. Giadia (kimelea cha utumbo) au mzio wa maziwa ya ng'ombe navyo huweza kuharibu utando, ndiyo maana ripoti yetu hueleza tulichokiona na kuomba kisomwe pamoja na majibu ya kingamwili za damu.

Saa 11 jioni. Ile bloku imegeuzwa, imekatwa upya, imepakwa rangi. Vishimo sasa vimesimama wima kama vidumu vyembamba. Jozi nne, wastani 2.6. Msomaji wa pili, bila kuonyeshwa namba yetu, anapata 2.5.