Glasi ya asali na mzani wa dukani

Jaribio la kupanga vimiminika kwenye glasi limeshazoeleka: asali chini, maji katikati, mafuta juu, watoto wanapiga makofi, basi. Mimi sipendi liishie hapo. Mtoto anaondoka na jibu lake lilelile, kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Haya, mwulize kati ya nazi na msumari kipi kizito. Nazi iliyodondoka na kifuu na makumbi yake inaelea baharini, msumari unakwenda chini moja kwa moja.

Kwa hiyo wapwa zangu hapa Lindi niliwafanyia kwa namna nyingine, jikoni kwa dada yangu, na vitu vilivyokuwamo mle mle: asali ya Liwale, maji ya bomba, mafuta ya ufuta. Mafuta ya taa niliyakataa, ingawa nayo huelea juu ya maji. Sumu haikai kwenye glasi ambayo kesho mtu atanywea.

Asali hutangulia. Maji unayateremsha kidogo kidogo juu ya mgongo wa kijiko, maana ukiyamwaga kwa pupa yanaikoroga asali, na ikishayeyuka hairudi tena. Mafuta hayana masharti, hata ukiyamimina hovyo yatapanda yenyewe. Yule mkubwa alikuwa amebashiri kwamba mafuta yatalala karibu na asali chini ya maji, kwa kuwa vyote viwili hutiririka polepole. Si hoja ya kijinga. Nilinyamaza, akajionea.

Tukaenda dukani na chupa tatu za nusu lita zinazofanana, zimejazwa mpaka mstari mmoja. Mwenye duka aliweka kwanza chupa tupu, akaurudisha mzani kwenye sifuri. Maji: gramu 500. Ufuta: kama 460. Asali: karibu 700! Nafasi ni ileile, uzito mbalimbali. Hiyo ndiyo densiti, uzito wa kitu ukigawanywa kwa nafasi kinayoichukua, na hapo sikuhitaji tena kueleza kwa nini glasi ilijipanga vile.

Mdogo wake yeye alikuwa na yake: yai. Kwenye maji ya bomba yai jipya lilizama, tukakoroga chumvi vijiko kadhaa mpaka likapanda. (Liwe jipya kweli. Yai lililokaa sana hupoteza unyevu kupitia ganda, hewa inaingia, nalo huelea hata pasipo chumvi.) Akaona tunapoteza chumvi ya mama yake bure wakati bahari iko pale. Wakashuka ufukweni na ndoo.

Yai likazama.

"Mjomba, hii bahari imechakachuliwa?"

Hapana. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 tu, kwa hiyo inayazidi maji ya bomba kwa uzito mdogo sana. Yai jipya linataka kama mara tatu ya chumvi hiyo. Tena ghuba yetu inapokea maji ya Mto Lukuledi, wakati wa masika chumvi yake hupungua zaidi. Angelipeleka kwenye mabwawa ya chumvi, pale ambapo jua limeshakausha maji hata chumvi inakaribia kuganda, yai lingeelea bila ubishi. Ameniahidisha nimpeleke, na hawa watoto ahadi hawasahau.

Muda wote huo dada alikuwa akikuna nazi, kana kwamba hasikii. Kumbe masikio yako kwenye zile gramu.

"Kaka, kwa hiyo lita ya asali si kilo moja?"

"Si kilo moja, dada. Ni karibu kilo moja na gramu 400. Ikipungua sana hapo, imeongezwa maji. Na ukilipia lita ukapimiwa kilo, chupa haijafika hata robo tatu."

Akaacha kukuna. Uvunguni kulikuwa na dumu la lita tano, limejaa mpaka shingoni, limenunuliwa kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Wapwa wakalibeba kwa zamu hadi dukani, na dumu tupu la aina hiyohiyo la kusawazishia mzani.

Likatoka kilo saba.