Uzoefu wangu: kufufua pampu ya zamani ya pistoni, Kibosho

Pampu ninayoieleza ni ya pistoni moja iliyolala, inayosukuma maji pistoni inapokwenda na inaporudi. Iko kwenye shamba la kahawa Kibosho, juu ya Moshi. Inavuta maji kwenye bwawa dogo linalojazwa na mfongo (mfereji wa kienyeji wa Wachagga) na kuyapandisha mita 60 hadi tangi la kuoshea kahawa. Kipenyo cha silinda ni milimita 100, mwendo wa pistoni milimita 150, rodi milimita 30. Zamani ilizungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda bapa. Injini ilipokwisha, ushauri wa wengi ulikuwa pampu nayo iuzwe kama chuma chakavu. Mimi naona ni hasara kubwa kutupa pampu ya namna hii kama kranki (shafti iliyopinda inayoendesha pistoni) na gia zake bado ni nzima.

Hesabu yake ni hii. Kila kranki ikizunguka mara moja inatoa lita 2.25, upande wa rodi unatoa pungufu kidogo kwa kuwa rodi inakula nafasi. Kwa mizunguko 50 kwa dakika, ukitoa asilimia 10 ya kuvuja, unapata lita 100 kwa dakika. Kupandisha maji hayo mita 60 kunataka kilowati 1 hivi. Ongeza msuguano wa gia, mkanda na pakingi (kamba ya kuzuia maji yasivuje kwenye rodi): mota ya umeme ya kilowati 2.2 inatosha na inabaki na akiba.

Kinachoua pampu hizi baada ya kufungiwa mota ni kasi. Mtu anaona mota ya mizunguko 1,440, anafunga puli iliyopo sokoni, kranki inakwenda 90 au 100, na pampu inaanza kugonga kama nyundo. Sababu iko kwenye bomba la kuvutia. Kila pistoni inapogeuka, maji yote yaliyomo ndani ya bomba lazima yaanze kutembea upya, na nguvu pekee ya kuyasukuma ni uzito wa hewa. Usawa wa bahari hewa inaweza kuinua maji mita 10.3, huku mlimani hazifiki 9. Bomba langu lina urefu wa mita 8 na bwawa liko mita 3 chini ya pampu. Kwa bomba la inchi 2 na mizunguko 50, kuyaamsha maji peke yake kunakula karibu mita 6 kati ya hizo. Jumlisha na zile 3, tayari umemaliza hewa yote: maji yanakatika na pengo kufungika kwa kishindo. Kwa bomba la inchi 3 kiasi hicho kinashuka chini ya mita 3. Ukizidisha kasi mara mbili, hitaji linapanda mara nne. Kwa hiyo nilibadili bomba la kuvutia kuwa inchi 3 pamoja na futi valvu yake (valvu ya mdomoni mwa bomba inayozuia maji yasirudi bwawani), na kasi nikaiacha pale pale ilipokuwa.

Gia ya ndani ya pampu inapunguza mara 5, hivyo shafti ya nje inatakiwa kuzunguka 250. Puli kubwa ya zamani ina milimita 600 na ni bapa. Haina haja ya kutupwa. Mikanda ya V inaweza kukaa kwenye puli ndogo yenye mifereji upande wa mota na kupita juu ya puli bapa upande wa pampu, mradi puli kubwa izidi ndogo angalau mara 3 na shafti mbili zisiachane sana. Nilitumia puli ya milimita 105 yenye mifereji mitatu, umbali kati ya shafti milimita 580, na mikanda mitatu ya saizi A92. Kranki inazunguka 50. Mgongo wa puli bapa, yaani uvimbe wa katikati, ulipunguzwa kwenye mashine ya kukereza, la sivyo mkanda wa kati unabeba mzigo wote. Nunua mikanda mitatu ya mkupuo mmoja. Mmoja mpya na miwili ya zamani haivuti sawa.

Silinda ndiyo iliyokula fedha nyingi. Pima kwenye ncha mbili na katikati, kwa wima na kwa mlalo, maana mchanga wa mfongo unakula katikati zaidi. Hii ilikuwa imefika 101.4 katikati, na hakuna kombe la mpira (kizibo cha pistoni chenye umbo la kikombe) litakaloziba hapo. Ilikerezwa hadi milimita 108 ikaingizwa slivu ya brasi, yaani bomba jembamba la kuvika silinda kwa ndani. Mambo mawili ya kusimamia: kwanza pima unene wa ukuta wa chuma kabla ya kukereza, kwa sababu chuma cha kumimina mara nyingi hakina unene sawa pande zote. Pili, slivu iingie ikiwa bado na pungufu ya milimita 0.2 ndani, kisha imaliziwe hadi 100 ikiwa mahali pake, kwani kuibana kunaipinda. Mkazo, yaani slivu kuzidi tundu lake kwa milimita 0.03 hadi 0.05, unatosha.

Kwa silinda laini nilifunga makombe mawili ya mpira wa nitrili yaliyogeukiana migongo. Kama huna uwezo wa kuweka slivu, baki na makombe ya ngozi yaliyolowekwa kwenye mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa. Ngozi inavumilia silinda yenye mikwaruzo kuliko mpira. Nati ya pistoni usiikaze kwa hasira. Kombe likibanwa mno, kisigino chake kinatanuka na kusugua hadi kinakatika.

Pakingi ya zamani kwenye rodi ichukulie kuwa ina asibesto. Ilowanishe, itoe ikiwa mbichi, ifunge kwenye mfuko. Usiipulize kwa hewa wala usiichome. Tundu la pakingi ni milimita 46 na rodi 30, hivyo pakingi ni ya milimita 8. Kata pete tano juu ya chuma cha unene wa rodi, kata mshazari, na viungo visipangane. Kaza kwa vidole, washa, kaza kidogo kidogo. Matone machache lazima yaendelee kutoka. Pakingi kavu inaichimba rodi.

Valvu zilisagwa kwa pesti ya kusagia ili zikae sawasawa kwenye viti vyake. Zipime kwa mafuta ya taa: mimina juu ya valvu iliyofungwa, yasipenye. Valvu ya milimita 40 iinuke milimita 5 au 6 tu, ikizidi inapiga kiti chake.

Sasa usalama. Pampu ya pistoni haijui kusimama. Ukifunga geti valvu huku inazunguka, presha inapanda hadi kitu kipasuke. Valvu ya usalama ya bar 8 iko kati ya pampu na valvu yoyote ya kufunga, bila kizuizi. Mbele yake kuna tanki la presha la lita 24 lenye mpira ndani, la kuhimili bar 10, lililojazwa hewa bar 4. Hilo ndilo linalotuliza mapigo kwenye bomba la kupandisha. Kuna pia njia ya kurudisha maji bwawani: unaifungua, unawasha mota ikiwa haina mzigo, kisha unaifunga taratibu. Kwa sababu hiyo mota ya fezi tatu inawashwa moja kwa moja bila matatizo. Kinga ya mota iwekwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati chake, karibu 4.8, na uongeze kinga ya fezi kukatika.

Kipimo changu ni pipa la lita 200. Sasa linajaa kwa dakika mbili. Kabla ya matengenezo lilichukua zaidi ya tatu na nusu. Likianza kuchukua dakika mbili na nusu, angalia kwanza chujio na futi valvu, halafu valvu nne, makombe mwisho. Wakati wa masika mfongo unapoleta tope, mdomo wa bomba uinuliwe nusu mita kutoka chini ya bwawa, na kama maji ni mekundu kabisa, pampu izimwe mpaka yatulie.