Nilitazama tu kama imefika

"Sikulipa tena, mwanangu. Nilitazama tu kama imefika."

Tangu Jumanne maneno hayo hayanitoki. Ni yule bibi wa kikoba cha wauza samaki wa Deep Sea, pale Tanga, wale niliowatengenezea mfumo wa michango. Kila mmoja anajaza kiasi kwenye simu, kisha fedha anamkabidhi mwekahazina. Mchango wake wa shilingi 20,000 uliandikwa mara mbili. Hesabu ilipofungwa, 20,000 haionekani, na wenzake wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Alipanda ngazi zote zile kuja kuniuliza, nami, bila hata kumpa kiti, nikamwambia: "Bibi, mfumo haukosei. Utakuwa umebonyeza mara mbili."

Akanijibu taratibu kwa maneno yale, akajitanda kanga yake, akashuka.

Wiki hii kaka ameoa na baba karudi Muheza, lakini mimi nilikuwa harusini na bado namsikia yule bibi.

Usiku wa Jumatano nilifungua servleti yangu, ile programu ya Java inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mfumo, na kupokea maombi ya simu. Baada ya kuhifadhi mchango nilikuwa natumia forward, amri ya kulikabidhi ombi lile lile kwa ukurasa mwingine, kupeleka ukurasa wa risiti. Sasa, forward inafanyika ndani ya seva peke yake. Brauza haina habari, anwani yake haibadiliki, na ombi la mwisho inalolikumbuka ni lile la POST, yaani la kutuma data, lililobeba mchango. Ukirifreshi, yaani ukiupakia ukurasa upya, inalirudia lile lile. Ndiyo, simu huuliza kwanza, lakini huuliza kwa Kiingereza. Bibi aliona maandishi, akakubali. Hakudanganya hata neno.

Nikaweka sendRedirect, amri ya kuielekeza brauza kwingine. Seva inajibu 302, yaani "nenda anwani hii", brauza yenyewe inakwenda kuomba ukurasa wa risiti kwa GET, ombi la kusoma tu, na kuanzia hapo hata uurifreshi hadi asubuhi, unaisoma risiti tu. Mara ikanijia IllegalStateException, kosa la amri iliyokuja wakati usiofaa: nilisahau return, neno la kusimamisha kazi pale pale, na sendRedirect haisimamishi msimbo, kwa hiyo ule mstari wa forward chini yake ukaendelea kukimbia wakati jibu limeshatoka. Nikarekebisha. Halafu ujumbe wa "Mchango umepokelewa" ukapotea, maana nilikuwa nimeuweka kwenye ombi la kwanza na hili ni ombi jipya. Nikauhamishia kwenye sesheni, kumbukumbu ambayo seva humwekea kila mtumiaji kutoka ombi hadi ombi, ukishaonyeshwa mara moja unafutwa. Saa nane usiku nikarifreshi mara saba. Mchango mmoja. Nilimwamsha mke wangu kumwambia.

Leo asubuhi nikaenda Deep Sea. Bibi alikuwa anapanga vibua kwenye beseni. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi mbele ya mwekahazina na wale wenzake, nikasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha akajaza mchango wa wiki hii, nikamwambia atazame kama umefika. Akafuta kidole kwenye kanga, akauvuta ukurasa chini. Akauvuta tena. Magamba mawili yalibaki kwenye kioo.

"Umekaa," akasema, akanifungia vibua vinne. Fedha akakataa katakata.

Nimerudi nyumbani moyo mweupe, nikanawa mikono kisimani, maji yana chumvi. Shangazi anasema ni bamvua, bahari imejaa sana, yatatulia. Lakini bamvua limepita siku nyingi, na chai ya jioni hii imetushinda kuinywa.